Jina la Kwanza Kwenye Daftari

Rahabu alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati moja karibu na Shelui. Kila asubuhi alifika kabla ya wagonjwa. Alifagia, akanawa mikono, akapanga vifaa vyake kwenye sinia. Sinia la Rahabu lilikuwa na sifa kata nzima, kwa sababu hungeona sindano imelala humo bila kifuniko.

Alikuwa na sababu zake. Rahabu alisomea kazi zamani, wakati sindano zilikuwa chache. Zilichemshwa kwenye sufuria na kutumika tena na tena. Ukipoteza moja, ulisimama mbele ya wenzako ukaeleza imekwenda wapi. Sasa ulikuwa mwaka 2006. Sindano zilikuja kwa maboksi, zikatumika mara moja na kutupwa. Lakini mkono wa Rahabu ulikuwa mbishi. Kila alipomaliza kumchoma mgonjwa, mkono wenyewe ulitafuta kifuniko.

Mganga wa zahanati aliitwa Calist. Kwa umri angeweza kuwa mwanawe, na kila asubuhi alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari."

"Mama, nakuomba tena. Sindano ikishatumika usiifunike. Itie moja kwa moja kwenye lile sanduku gumu."

"Nimesikia, daktari," Rahabu alijibu. Kisha akaendelea kufunika.

Alhamisi moja, mama mmoja alijifungua salama. Alikuwa amepoteza damu nyingi kidogo, kwa hiyo Rahabu akamtoa damu kwenye mshipa ili ikapimwe. Alipokuwa anarudisha kifuniko, mtoto alilia. Rahabu akageuza kichwa. Sindano ikakikosa kifuniko, ikapita kwenye glavu na kumchoma kidole.

Alivua glavu. Damu ilikuwa inatoka.

Rahabu alikuwa ameisoma kadi ya kliniki ya yule mama. Alijua kwamba ana virusi vya UKIMWI.

Alifanya kama watu wa kwao wanavyofanya wakichomwa na mwiba. Alikikamua kidole kwa nguvu zake zote. Kisha akakimwagia dawa ya kufulia nguo nyeupe. Kiliwaka moto. Akakifunga plasta, akarudi kazini, akanyamaza.

Aliogopa ugonjwa, ndiyo. Lakini aibu ilimkaba zaidi. Mkunga wa miaka ishirini na mbili kazini ajichome kama mwanafunzi? Ukutani lilining'inia daftari jipya la ajali za kazini. Kwenye jalada palikuwa na kichwa chake tu. Ndani halikuwa na hata neno moja, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Nusu saa baadaye Calist aliingia. Akatazama sinia.

"Mama, leo kuna sindano haina kifuniko."

Rahabu alilisogeza sinia pembeni.

"Sindano yako wewe, mama. Na hicho kidole kina nini?"

Hapo Rahabu alikaa kwenye benchi na kusema yote. Calist hakumgombeza. Alimpeleka kwenye ndoo ya maji yenye koki.

"Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue tena. Ukikamua unajeruhi nyama. Na ile dawa ya kufulia inaunguza ngozi, haikusaidii."

"Nimekwisha, Calist," Rahabu alisema. Alisahau hata kumwita daktari.

"Hujakwisha. Wanaochomwa na sindano yenye virusi, wengi hawaambukizwi. Na zipo dawa za kuzuia. Zinatakiwa kuanzwa mapema, ikiwezekana ndani ya masaa mawili. Siku tatu zikipita, hazisaidii tena. Hospitali ya wilaya wanazo. Nawapigia simu sasa hivi."

"Watu wakiniona nimebeba dawa hizo watasema nimeungua, nimeshaambukizwa."

"Watasema, watachoka. Virusi vikishaingia havichoki."

Rahabu alifikiri kidogo. "Na yule mama? Sitaki atajwe."

"Siri yake haitoki hapa. Kwenye daftari tunaandika saa, kifaa, na jinsi ilivyotokea. Andika, mama."

Calist alilitungua daftari. Rahabu alishika kalamu. Mstari wa kwanza, ukurasa wa kwanza, akaandika jina lake kamili. Sababu ya ajali akaiandika bila kujipendelea: *Nilikuwa nafunika sindano.*

Calist alimpakia kwenye pikipiki ya zahanati. Hospitalini walimpima kwanza. Hakuwa na virusi. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amemeza kidonge cha kwanza. Aliambiwa ameze asubuhi na jioni kwa siku ishirini na nane, bila kuruka hata mara moja. Aliambiwa pia arudi kupimwa baada ya wiki sita, miezi mitatu na miezi sita. Mpaka majibu ya mwisho, yeye na mumewe watumie kondomu.

Hilo la mwisho lilimwia gumu kuliko vidonge. Mumewe, Yeremia, alikuwa mkulima wa alizeti na mzee wa kanisa. Jioni ile Rahabu alimweleza, macho ameyakazia jiko.

Yeremia alivuta kigoda, akakaa karibu naye. Kisha akauliza, "Vidonge unameza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku."

"Saa ya taarifa ya habari. Basi hutasahau. Redio nitaishika mimi."

"Na hilo jingine?"

"Rahabu, umezalisha wake za watu wote hapa. Mimi ndiye nishindwe na hilo la miezi sita?"

Rahabu alilia. Yalikuwa machozi ya furaha, na hakuyaficha.

Vidonge vilimsumbua. Kichefuchefu kiliamka naye kila asubuhi. Lakini ngoma ya taarifa ya habari ilipolia, Yeremia alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Mwezi ule Yeremia alinunua betri za redio nyingi kuliko chumvi. Siku ya ishirini na nane Rahabu alimeza cha mwisho, na Yeremia akamtania kwamba sasa atajipikia uji mwenyewe.

Wiki sita, hana virusi. Miezi mitatu, hana. Miezi sita, hana. Aliporudi na jibu la mwisho, Yeremia alichinja jogoo.

Mkono wa Rahabu nao ulifunzwa upya. Aliliweka sanduku la sindano karibu na kiwiko chake. Alipomaliza kumchoma mgonjwa, sindano iliingia sandukuni hapo hapo. Na kila muuguzi aliyefika pale alioneshwa daftari. "Huyo wa kwanza ni mimi," alimwambia. "Ndiyo maana niko hapa naongea na wewe."

Siku moja saa nne asubuhi, baiskeli iliingia uwanjani kwa kasi. Alikuwa Eliana, muuguzi wa zahanati ya kijiji cha pili, mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko Rahabu, naye aliwahi kuoneshwa daftari. Jasho lilimtiririka.

"Nimejichoma, mdogo wangu. Bado saa moja haijaisha. Nimenawa kwa sabuni na maji, sikukamua."

Rahabu alimshika mkono, akamkalisha. Calist alikuwa tayari na simu sikioni. Rahabu akalitungua daftari ukutani, akalifungua, akamwekea kalamu.

"Andika hapo, dada," alisema. "Chini ya jina langu."