Amri Mbili Juu ya Pumzi Moja

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi, chumba cha sava cha hospitali kilinuka kama kidonda kilichofungwa bendeji chafu kikasahauliwa. Mafundi wakalaumu panya. Ofisini kikioza chochote, panya ndiye husingiziwa kwanza.

Fundi wa kike, digrii mbili, malipo ya kibarua, hakucheka. Ghorofani mama yake alikuwa akipumua kwa mashine, na tangu alfajiri mashine ilikuwa inazima, inawaka, inazima.

"Ni jini, dada," fundi mwenzake alinong'ona, shati limeziba pua. "Nimeliona. Ni ulimi mtupu."

"Nyamaza, nisome amri za sistimu inayoendesha mashine."

Akazikuta mbili, zote za Mkurugenzi. Moja: mashine za kupumulia zisizimwe kamwe. Nyingine, ya kubana matumizi ya umeme: kila kifaa kilichokesha kikiwaka kizimwe. Sistimu, mtumwa mtiifu, ilikuwa inatii zote. Wote walijua desturi ya nyumba hii: amri ya mkubwa haifutwi, hurundikiwa nyingine juu yake. Upuuzi wenye mhuri!

Akafungua kabati la sava, na mle ndani, katikati ya nyaya zilizonata usaha na nywele ambazo hazikuwa za mtu, ulimi mnene wa kijivu ulikuwa ukiramba taa ya kijani, na kila ulipoiramba taa ilizima, na kila ilipozima muuguzi wa wodini alipiga kelele simuni kwamba mama anakosa hewa, na ulimi ukameza, ukacheua, ukaanza tena.

Mkurugenzi akaingia, leso puani. "Msifute amri yangu! Ongezeni ya tatu: majini hayaruhusiwi."

"Mzee, mama yangu anakufa."

"Fuata utaratibu, binti."

Fundi mwenzake akaiandika. Ulimi ukapasuka, ukawa ndimi tatu.

Ndipo binti akamsukuma mwenzake kando, akaifuta ile ya umeme, akafuta na huo upuuzi wa tatu. Kabati likacheua povu, likakauka. Simuni, muuguzi akalia, "Anapumua! Anapumua vizuri!"

"Nani kakuruhusu?" Mkurugenzi akamsogelea. "Irudishe sasa hivi."

"Sirudishi."

Mkurugenzi akafungua mdomo amfukuze kazi. Uvundo ukamtoka, na kinywani mwake zikachomoza ndimi tatu zile zile. Ulimi mmoja ukasema, "Toka." Wa pili, "Kaa." Wa tatu ukanyooka, ukanata kwenye kibodi, ukaanza kutafuta herufi za amri nyingine.