Jiwe la Kusagia Libaki Nyumbani

Asubuhi huko Nambis, kwenye milima ya Mbulu, huanza polepole. Ukungu hulala juu ya mashamba mpaka jua liuondoe. Kornelia aliipenda saa hiyo. Alipiga magoti, akasukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, ulezi ukasagika. Mikono yake ilikuwa kazini, lakini mawazo yalikuwa yameshafika Masakta, ng'ambo ya bonde, kwa binti yake Zita.

Zita alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zinakaribia. Mumewe aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Wakati wa mavuno, watu wa ngano hawaonekani nyumbani. Mara ya kwanza Zita alijifungua peke yake, mlango umefungwa, hakuna wa kumshika mkono. Mtoto yule hakuishi. Kornelia alifika baada ya mazishi. Siku hiyo alijiapiza kwamba mara nyingine atakuwepo.

Lakini atafikaje? Mwaka ule petroli ilikuwa adimu nchi nzima. Basi la Mbulu lilikaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Punda wao alikuwa ameliwa na fisi.

"Nitakwenda kwa miguu," Kornelia alimwambia mumewe, Akonaay.

"Ni mbali, Mama Zita."

"Najua ni mbali. Kwani nimekuuliza?"

Akaanza kufunga mzigo. Kwao, mama haendi mikono mitupu kwa binti anayekaribia kujifungua. Akaweka ulezi, viazi na maharage. Akaweka kibuyu kikubwa cha maziwa ya mgando, kopo la samli, sufuria mbili na mablanketi mawili. Mwisho akaliinua jiwe dogo la kusagia, lile aliloachiwa na marehemu mama yake.

"Na jiwe pia?" Akonaay aliuliza.

"Mawe ya Masakta ni laini. Yanaacha mchanga kwenye uji. Mjukuu wangu hatakula mchanga."

Akonaay akamshikia kamba afunge. Mume mwenye akili anajua siku za kunyamaza.

Kornelia akavaa viatu vyake vya kanisani, akajitwika, akaondoka. Kamba ilimkata mabega. Viatu vilimchubua visigino. Kila alipotembea kidogo, alitua mzigo na kupumzika. Alipofika Tlawi, bado karibu na kwao, magoti yalikataa kabisa. Akakaa kando ya njia akalia, kwa sababu aliona historia inataka kujirudia. Hapo akatokea Akonaay. Kumbe alikuwa anamfuata kwa mbali muda wote. Aliuchukua mzigo, wakarudi nyumbani.

Kesho yake jirani yao, Bernadina, alikuja kumpa pole. Bernadina alikuwa mkubwa kwake kidogo. Kila kiangazi alitembea kwa miguu mpaka Ziwa Balangida kuchukua magadi, na alirudi anaimba.

"Shikamoo, dada," alisema Kornelia.

"Marahaba. Ni miguu au ni moyo?"

"Vyote viwili."

Bernadina akautazama mzigo pale ukutani, akacheka. "Wewe ulikuwa unakwenda kumwona Zita au ulikuwa unahama? Mimi natoka keshokutwa kwenda Balangida. Tutakwenda wote mpaka bondeni. Lakini siendi na nyumba nzima. Fungua."

Wakavimwaga vitu vyote juu ya ngozi ya ng'ombe.

"Shika kimoja kimoja," Bernadina alisema. "Pima kwa mkono. Kisha jiulize: njiani kitanifanyia kazi gani? Kisicho na kazi, kiache. Viazi hivi?"

"Vya kula."

"Viazi ni maji matupu, na vinataka kuni. Maharage ndiyo yatakukalisha motoni nusu ya siku. Kaanga mahindi, uyasage. Unga ule unakorogwa kwa maji tu, huna haja hata ya moto. Na kila ukila, mzigo unapungua."

"Maziwa je?"

"Hayo tutayanywa sasa hivi." Na kweli wakayanywa. "Kibuyu kikubwa kibaki, chukua kidogo cha maji. Huku juu vijito ni vingi, kwa nini ubebe maji mengi? Tutajaza tukikaribia kushuka bonde, huko chini ni pakavu. Sufuria tutatumia yangu moja, sote wawili."

Kornelia akashika mablanketi. "Basi niyaache na haya?"

"Hapana! Sikiliza vizuri. Mzigo mwepesi si kwenda uchi. Baridi inaua. Blanketi moja ni lazima, na nguo moja ya kubadilisha." Bernadina akatoa nailoni nyeupe, ile ya ndani ya mfuko wa mbolea. Alikuwa ameipasua ubavuni. "Na hii. Manyunyu yakija, unajifunika. Tukilala, unaitandika chini, umande haupandi. Ni nyepesi kuliko leso."

"Na viatu?"

"Vya kanisani viende kanisani. Vaa katambuga zako za tairi, zile za shambani. Mguu unazijua. Kiatu kigeni usikianzie safarini."

Akamwonyesha pia namna ya kubeba. Waliacha kamba nyembamba, wakashona mikanda mipana ya kitenge kikuukuu kwenye gunia dogo. Blanketi likaenda chini. Unga na samli vikakaa katikati, vikiegemea mgongo. Nailoni ikawa juu kabisa, isitafutwe mvua ikija.

Jiwe likabaki peke yake juu ya ngozi.

"Mama alinipa mimi," Kornelia alisema taratibu. "Mimi nilitaka nimpe Zita. Nikifika na kigunia hiki, watu watanicheka. Watasema nimekuja kama mtu anayekwenda kuchota maji."

Bernadina hakucheka safari hii. "Mama Zita, siku ile uchungu ukimshika mwanao, nani atamshika mgongo? Hili jiwe?"

Machozi yalimlengalenga Kornelia. Alilibeba jiwe akalirudisha mahali pake, akalipapasa kama anavyopapaswa mtoto aliyelala. Kisha akasaga ulezi wa kutosha kwa uji wa mzazi, akaukaza ndani ya kimfuko. Kazi ya jiwe ingesafiri, jiwe lenyewe lingebaki. Jioni ile akavaa gunia lake jipya akazunguka nalo mpaka mtoni na kurudi. Mkanda mmoja ulimkwaruza. Akaulegeza.

Wakatoka alfajiri. Mwanzo Kornelia alikuwa anageuka kila mara, anahisi kama amesahau kitu. Baadaye akazoea. Walipopumzika hakuanguka chini kwa uchovu. Usiku walilala kwenye nyumba za watu njiani, wakakaribishwa vizuri. Manyunyu yalipokuja, walijifunika nailoni na kuendelea, wanasikia matone yanagonga karibu na masikio. Kutembea kukawa kama kuota. Miguu ilikwenda yenyewe. Mara nyingine alimwona Zita mdogo, wa miaka ya kuchunga mbuzi, anakimbia mbele kwenye ukungu na kumwita: mama, njoo basi!

Walipofika ukingo wa bonde, ukungu ukafunguka. Chini kabisa Balangida ililala nyeupe kwa magadi. Ng'ambo yake Mlima Hanang ulisimama juu ya mawingu, kana kwamba haukugusa ardhi.

"Mzuri," Kornelia alinong'ona.

"Umeshapita hapa," alisema Bernadina. "Leo ndiyo umeinua kichwa."

Wakajaza vibuyu, wakashuka. Bondeni waliagana. Kornelia akafuatana na akina mama waliotoka mnadani, akaingia Masakta kabla jua halijazama.

Zita alikuwa mlangoni, kashika kiuno. Alimtazama mama yake juu mpaka chini. "Mama! Umekuja kwa miguu? Mbona hujachoka?"

"Nimechoka. Lakini nipo."

Alfajiri uchungu ukaanza. Kornelia hakufunga mlango. Alimshika binti yake mgongo, wakaenda hatua kwa hatua mpaka zahanati. Kama angekuja na ule mzigo wa kwanza, angekuwa amelala, miguu imevimba.

Mtoto alizaliwa kimya. Lakini muuguzi, Severina, alimkausha haraka, akamsafisha mdomo na pua, akamsugua mgongo. Mtoto akalia. Zita akalia. Bibi naye akalia, kwa sauti kuliko wote.

Walipopumzika na kuruhusiwa kwenda nyumbani, Severina alishangaa. "Bibi, umetoka Mbulu kote huko. Mzigo wako uko wapi?"

"Wangu nimeukuta huku," alisema Kornelia, akanyoosha mikono.

Wakaondoka polepole. Mtoto alikuwa kifuani, ndani ya blanketi lile moja. Uzito wake Kornelia aliujua, ulikaribia sana ule wa jiwe la mama yake. Zita alitaka mara kadhaa ampokee mtoto, mama apumzike. Kornelia alikataa, na hakumweka chini mpaka nyumbani.