Mjomba Maduhu Apima Kumbukumbu kwa Mzani wa Dhahabu

Kila Jumamosi asubuhi Agnetha alifungua duka la steshenari la mama yake, huko Nyahanga mjini Kahama. Kwanza aliwasha kompyuta, kisha akanyunyiza maji sakafuni na kufagia vumbi. Alianza na kompyuta kwa sababu ilikuwa nzito kuamka. Angeweza kufagia mpaka barazani, akafuta meza na printa, akarudi na kukuta skrini bado inazungusha kile kiduara chake. Agnetha alikuwa darasa la sita, na alikichukia kile kiduara kuliko hesabu za sehemu.

Wiki hii hata mama yake alikuwa amekichukia. Alhamisi alikuwa akichapa katiba ya kikundi cha akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu. Kompyuta ikaganda na kumeza kurasa zote alizochapa tangu asubuhi, kabla hajazihifadhi. Katibu wa kikundi, Mama Philomena, alikuwa amekaa palepale kwenye benchi akisubiri. Alisema angerudi Jumatatu, na kama katiba haijatoka ataipeleka duka jingine, yeye pamoja na kazi zote za kikundi. Kazi za kikundi hicho ndizo zilizokuwa zikilisha nyumba yao.

Fundi aliyekuja kuifungua mashine alisema haiumwi. Kumbukumbu yake tu ndiyo ndogo, na kazi za siku hizi ni kubwa.

"Ongezeni kijiti kimoja cha kumbukumbu, hii tunayoiita ram," alisema. "Lakini mashine yenu ni ya zamani. Haikubali kila ram. Mkienda kununua, chomoeni hii iliyomo mwende nayo mkononi, muuzaji ailinganishe."

"Umesikia, Agnetha?" mama yake aliuliza.

"Nimesikia, Mama."

Alisikia, ndiyo. Kusikia si kazi.

Jumamosi hiyo kulikuwa na msiba kwa jirani, na Mama Agnetha hakuweza kukosa kwenda kusaidia kupika. Akampigia simu mdogo wake, Maduhu, amsindikize Agnetha dukani kununua ram. Mjomba Maduhu alikuwa broka wa dhahabu. Alinunua kwa wachimbaji upande wa Geita na kuja kuuza mjini. Hakuna mtu aliyewahi kumdanganya, na habari hiyo alimweleza kila mtu, hata ambaye hakumuuliza.

Alifika na pikipiki yake na kuanza kupiga honi kabla haijasimama vizuri.

"Shikamoo, Mjomba. Nisubiri kidogo, nachomoa ram ya zamani."

"Marahaba. Ya zamani ya nini? Tunakwenda kununua au kuonyesha watu umaskini wetu? Panda twende!"

Honi ililia tena. Agnetha akaacha bisibisi mezani, akapanda.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa la mwanamke mmoja kijana aitwaye Mwahija. Aliwakaribisha vizuri, akauliza mashine yao ni ya aina gani.

"Ya mezani," alisema Mjomba.

"Za mezani ziko nyingi, kaka. Ram yake ya zamani mmekuja nayo?"

Agnetha akatazama viatu vyake. "Tumekuja na macho," Mjomba akajibu.

Mwahija akaweka vijiti viwili juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa chembamba, kimeshatumika, na meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia. Cha pili kilikuwa kipya, kimevikwa bati jekundu, na meno yake yaling'aa.

"Kama mashine ni ya zamani, nadhani inatumia hii iliyofifia. Inaitwa DDR3," alisema Mwahija. "Hii nyekundu ni DDR4, ya mashine mpya. Angalieni hapa katikati ya meno. Kila moja ina pengo lake, na mapengo hayakai mahali pamoja. Yamewekwa hivyo makusudi, moja isiingie kwenye tundu la nyingine."

Mjomba Maduhu hakuangalia pengo. Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa mzani wake mdogo wa kupimia dhahabu, akaufuta kwa shati na kuuweka juu ya kaunta. Akapima kijiti cha kwanza. Akapima cha pili. Akakisogeza kile chekundu kwenye mwanga wa mlangoni, akakigeuza, akasugua meno yake kwa kidole gumba.

"Hii ina uzito, na rangi yake imekubali," alitangaza. "Hiyo nyingine ni takataka. Funga hii nyekundu."

"Kaka, ram haipimwi kwa mzani."

"Unataka kuniuzia iliyotumika? Unanionaje wewe? Dhahabu ninaijua tangu kabla hujazaliwa!"

Mwahija alivuta pumzi. Ilikuwa wazi kwamba amekasirika, lakini alisema polepole, "Nakwambia kabla hujalipa. Isipoingia, usiilazimishe. Irudishe nzima nami nitakubadilishia. Ikirudi imelazimishwa, siipokei."

Agnetha alilisikia kila neno. Mjomba alikuwa ameshatoa pochi.

Waliporudi, Agnetha alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa mashine kama alivyomwona fundi akifanya, na kuchomoa ram ya zamani. Akaiweka kando ya ile mpya. Mapengo hayakulingana.

"Mjomba, tazama. Haziko sawa. Tuirudishe."

"Nirudi kwa yule binti anicheke? Sukuma."

"Haiingii."

"Leta hapa! Mikono yako ya kushikia kalamu tu." Akaishika kwa vidole vyake vinene, akakandamiza. Kijiti kikapinda kidogo. Akakandamiza tena. Kikasikika kitu, kra, na kibano cha plastiki kinachoshikilia ram kwenye tundu kikaruka mpaka chini ya meza.

Walirudisha ram ya zamani haraka haraka, wakawasha. Mashine ililia pii, pii, pii. Skrini ikabaki nyeusi. Hata kile kiduara hakikuja.

Agnetha alihisi machozi ya hasira. Katiba, Jumatatu, Mama Philomena, vyote vilikuwa ndani ya lile sanduku linalolia. Alitaka kumkasirikia mtu, na mjomba wake akamwonyesha wa kumkasirikia.

"Yule mwanamke katuuzia kitu kibovu," alisema Mjomba. "Ametuua! Panda pikipiki."

Hasira ya aliyekosea ndivyo ilivyo. Haikai kwa mwenyewe, hutafuta nyumba ya jirani. Na ni ajabu jinsi njia ilivyokuwa fupi safari hii.

"Tapeli mkubwa wewe!" Mjomba alianzia mlangoni, ili na watu wa barabarani wasikie. "Unauza vitu vibovu! Umeua mashine ya watu!"

"Tapeli!" Agnetha naye akapiga kelele.

Watu hawakukawia. Waendesha bodaboda wakaacha pikipiki zao, muuza miwa akaja na kisu chake mkononi, wanawake waliokuwa wakinunua nyanya wakasogea. Hakuna aliyeuliza kilichotokea. Mmoja akasema huyo dada ndivyo alivyo, ingawa hakuwahi kununua kitu pale. Mwingine akasema atolewe nje. Mwingine akapiga teke ubao wa duka, ukaanguka.

"Alituambia itaingia!" Mjomba alisema. "Aliniapia kabisa!"

Mwahija alishika kaunta kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa makali.

"Mtoto huyu alikuwepo," alisema. "Muulizeni yeye."

Watu wote wakamgeukia Agnetha. Mjomba naye akamtazama, na yale macho hayakuwa ya kuuliza. Yalikuwa ya kuamuru.

Agnetha aliangalia ule ubao ulioanguka. Duka hili lilikuwa dogo kama la mama yake. Akilini alimwona mama yake amesimama pale, watu wakimwita tapeli. Hasira aliyokuja nayo haikuisha, iligeuka tu upande.

"Mjomba anasema uongo!" alisema, tena kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Huyu dada alituambia hii ni ya mashine mpya. Alituonyesha pengo. Alisema tusilazimishe. Mjomba akaipima kwa mzani wa dhahabu, akasema ina uzito! Na mimi niliambiwa nibebe ya zamani, nikaiacha. Na nimemwita dada tapeli bure."

"Agnetha!" Mjomba alinguruma.

"Kwa mzani wa dhahabu?" mmoja wa bodaboda aliuliza, akaangua kicheko. Kicheko kikaambukiza, na sasa umati ukamgeukia Maduhu kwa hamu ileile uliyokuwa nayo kwa Mwahija. Maduhu akapiga hatua kutaka kuondoka.

Hakufika mbali. Bajaji ilikuwa imesimama mbele ya duka, na Mama Agnetha alikuwa akishuka na mashine yake mikononi, ameifunga kwa kitenge alichotoka nacho msibani. Alikuwa amerudi dukani kwake, akakuta mashine iko wazi na kibano chini ya meza, akaileta kwenye duka alikowatuma. Na maneno ya mwisho ya mwanawe alikuwa ameyasikia.

"Unakwenda wapi, Maduhu?"

"Dada, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko ulikomtukana huyu binti?" Mama Agnetha hakupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alinyamaza. "Aibu uliyomtia mbele za watu, ifute mbele za watu hawa hawa. Kabla hawajaondoka."

Mjomba Maduhu alitazama chini, akatazama umati, akakuta hakuna aliyebanduka. "Nisamehe, dada," alimwambia Mwahija. "Uliniambia. Mimi ndiye niliyelazimisha."

"Na mimi unisamehe, dada," alisema Agnetha.

Mwahija hakutabasamu. "Nimewasamehe. Lakini roho inauma, msidhani haiumi." Kisha akaifungua mashine, akaitazama, akachagua ile ram iliyofifia. Mapengo yalilingana na ya zamani. Tundu lililovunjika kibano aliliacha, kwa kuwa kulikuwa na mengine mazima. Akaichomeka ya zamani vizuri, maana haikuwa imekaa sawasawa na ndiyo iliyokuwa ikisababisha ule mlio, na ile ya kuongezea akaiweka kwenye tundu lake. Akawasha. Skrini ikawaka.

Mjomba alilipa. Alitaka kuiacha ile nyekundu palepale, lakini dada yake akaichukua na kuitia kwenye mkoba.

Katika bajaji Agnetha aliipakata mashine, akamsimulia mama yake yote. Alingoja asifiwe. Baada ya yote, si alikuwa amesema kweli?

"Ulisema kweli, na mimi nimefurahi," mama yake alisema hatimaye. "Lakini sikiliza. Ukweli ulikuwa nao tangu asubuhi. Ulikuwa nao kule mezani, ulipoona mapengo hayalingani. Ulikuwa nao njiani. Ukaingia nao dukani mwa mtu ukiwa unapiga kelele ya tapeli. Wale watu wangempiga, Agnetha. Ungekuja kuusema wakati tayari anavuja damu, ungemsaidia nini?"

Agnetha aliikumbatia mashine kwa nguvu.

"Ukikasirika, kwanza jiulize ni nani aliyekosea. Ukikuta ni wewe, sema mapema, kabla mwingine hajalipa."

Jumatatu katiba ilikuwa tayari. Mama Philomena aliipitia yote, akaridhika, akaacha na kazi nyingine. Alipokuwa akiinuka aliona kijiti chekundu kimetundikwa kwa msumari juu ya kompyuta, meno yake yakimetameta.

"Na hiki cha kung'aa ni cha nini?"

Mama Agnetha alimtazama binti yake, akasubiri.

"Hakifanyi kazi hapa," alisema Agnetha. "Tuliambiwa kabla hatujanunua, tukakataa kusikia. Kisha nikamwita aliyetuambia tapeli."