Karavani ya Watoto Watatu

Mwezi wa pili mwaka 2014, siku ya soko la mpakani, Bwera, Kellen alikwenda na mumewe kuchagua nyumba. Haikuwa nyumba ya kujenga. Ilikuwa karavani, kijumba cha magurudumu chenye vitanda ndani, cha kufungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Kellen ni jirani yetu hapa Kinyamaseke, na wengi tulimwona akitoka asubuhi ile: gauni la kanisani, kitenge cha bluu begani, tumbo la miezi saba, na wanawe wawili wamepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa.

Sababu ya karavani kila mtu aliijua. Kellen na mumewe Nobert hukodi shamba la mpunga kule Mubuku, penye mifereji ya kumwagilia. Mpunga ukianza kutoa punje, familia nzima huhamia shambani kufukuza ndege tangu alfajiri hadi jua kuzama, na hulala katika kibanda cha nyasi kando ya mfereji. Kibanda hakina mlango. Msimu uliopita mtoto wao wa tatu, Masereka, aliamka mchana kutoka usingizini, akatoka peke yake, akaingia majini. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa mwisho wa shamba anapiga debe tupu kufukuza ndege. Baba yake alikuwa amelala hatua tano kutoka pale.

Tangu siku ile hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi. Huo ni wema ambao si kila ndoa inao.

Lakini Nobert aliapa kwamba wanawe hawatalala tena mahali pasipo mlango. Karavani ina mlango, na mlango una komeo. Wangeiegesha juu barabarani, mbali na maji, na msimu ukiisha wangeivuta kurudi nyumbani. Sharti lilikuwa moja tu: iwe nyepesi. Gari lao lilikuwa Noah ya zamani, gari la kubebea familia na magunia, na fundi alikuwa amemwonya Nobert asivute zaidi ya kilo mia nane.

Anselme, Mkongomani wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alikuwa na karavani tatu uani kwake karibu na forodha. Mlangoni alikaa Hajara, mama wa kubadilisha fedha, ambaye alipoliona tumbo la Kellen alimpa kiti chake bila kuombwa, naye akafanya kazi yake amesimama.

Karavani ya kwanza ilikuwa ndefu, ina vitanda sita na jiko. Nobert alijaribu kuinua pua ya karavani, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, ikakataa kutoka chini. Anselme akacheka, akasema hiyo ni ya kuvutwa na lori la makaa, si na kagari ka harusi. Ya pili ilikuwa nyepesi, ila mguu wa Nobert ulipita sakafuni kama kisu kwenye ndizi iliyoiva. Mbao zote zilikuwa zimeoza.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya mviringo, ya plastiki ngumu kama tangi la maji. Kibati mlangoni kilisema kilo mia sita. Ndani kulikuwa na kitanda cha watu wawili nyuma, na mbele benchi refu ambalo watoto hata watatu wangelala, meza ikikunjwa. Kellen alipitisha kiganja juu ya komeo, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena.

Anselme hakuwa tapeli. Alisema pua ikiwa nyepesi mno, karavani hucheza njiani kama mkia wa ng'ombe, na ikiwa nzito mno, gari hukaa chini nyuma na mbele hupoteza usukani. Kwa hiyo aliining'iniza pua kwenye mizani ya kupimia kahawa, ile ya sindano, ili wapime ikiwa tupu na ikiwa na watu. Nobert akalala chini aangalie springi.

"Watoto beko ngapi, mama?" Anselme akauliza.

"Watatu," Kellen akajibu.

Hakudanganya, wala hakuwa amechanganyikiwa. Kwetu mtoto wa kiume hupewa jina kwa zamu aliyozaliwa. Wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Mtoto akifa, zamu yake haipewi mwingine. Yule wa tumboni, akiwa mvulana, angeitwa Kule, hata kama vichwa vinavyokula vingekuwa vitatu. Mama akiulizwa ana wangapi, hutaja zamu.

"Muzuri. Ita bote, moja moja. Benye kukaa hapa mbele. Mi naangalia sindano."

Kellen akasimama mlangoni.

"Mumbere." Kijana wa miaka tisa akaruka ndani. Sindano ikapanda.

"Bwambale." Wa miaka saba akafuata. Sindano ikapanda.

Ulimi ulikuwa umeshaanza njia yake. Kwa mwaka mzima ulimi haukuwa umeipita njia hiyo.

"Masereka."

Karavani ikabonyea. Taratibu, kama mtu mdogo anapopanda kwa magoti kwanza. Sindano ikapanda.

"Batatu," alisema Anselme, macho kwenye mizani. "Iko sawa. Inaweza bote."

Nobert alitoka chini na vumbi usoni. Alimtazama mkewe. Kellen alijua kwamba angepaswa kusema neno pale pale. Lakini moyo wake ulikuwa umefanya kitu ambacho hakuweza kuukemea. Ulifurahi.

Wakaichukua ile.

Watoto walilia wapande nyuma, karavanini, na baba yao akakubali, kwa kuwa ni mwendo mfupi hadi Kinyamaseke. Kellen mwenyewe aliwafungia komeo kwa nje. Noah iliondoka vizuri. Jua lilikuwa kali, barabara kavu, na Nobert alipiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kwenye kizuizi cha barabarani walisimamishwa na askari aliyeitwa Drani, mtu mrefu mwenye sauti ya amri.

"Simama hapo. Fungua nyuma."

Kellen alitaka kushuka, lakini Drani alimwambia akae, aangalie tumbo lake. Akaenda mwenyewe. Walimsikia akifungua, akisema na watoto kwa sauti ya chini, akifunga. Alirudi dirishani akijifuta vidole. Alikuwa amewagawia andazi lake la mchana.

"Mama," alisema polepole, "ile kadogo ya mwisho, nguo iko maji. Badilisha yeye. Itashika homa."

"Asante, afande," akasema Kellen.

Nobert hakupiga mluzi tena.

Kilomita zilizofuata gari lilianza kunguruma. Mkia wa Noah ulikaa chini. Nobert akashusha gia. Akashusha tena. Kellen alitazama kwenye kioo cha pembeni. Nyuma yao, kwenye lami kavu, kulikuwa na mstari mwembamba wa maji uliotoka chini ya mlango wa karavani.

Walikata kona ya kwenda nyumbani. Pale kuna mlima mfupi wa udongo, na chini yake korongo. Walipofika katikati, gari likakataa.

Nobert alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Magurudumu hayakuzunguka. Lakini walikuwa wanarudi nyuma. Polepole. Wakiburutwa.

"Mama Mumbere," alinong'ona. "Uliita wangapi pale?"

"Watatu."

Alifumba macho. Akafumbua. "Watoe watoto," akasema. "Mimi siwezi kuutoa mguu kwenye breki."

Kellen alishuka, akakimbia kama tumbo lilivyomruhusu. Akavuta komeo.

Maji yakamwagikia miguuni. Yalikuwa ya baridi, ya rangi ya matope, na yalinuka mpunga. Yalikuwa maji ya Mubuku. Na Mubuku ni mbali, ng'ambo ya mji wa Kasese.

Watoto walikuwa kwenye benchi, miguu wameipandisha juu. Mumbere huku. Bwambale kule. Kati yao palikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu. Lakini mto wa benchi ulikuwa umebonyea.

"Mumbere, shuka." Akashuka.

"Bwambale, shuka." Akashuka.

Karavani iliendelea kurudi. Gurudumu moja lilifika ukingoni.

Mumbere alishika gauni la mama yake. "Mama," alinong'ona. "Anasema yeye hajui kushuka."

Angeweza kufunga mlango. Angeweza kumwita Nobert aruke, gari liende, karavani iende, korongo lipokee. Kellen aliwaza hayo, na hakujisamehe kwa kuyawaza. Kisha aliupa mlango mgongo. Akainama, kama mama yeyote anapotaka mtoto apande.

"Masereka. Njoo kwa mama."

Uzito ulikuja mgongoni. Baridi. Umelowa. Alikuwa anaujua. Kilo kumi na sita, kama ilivyoandikwa mara ya mwisho kwenye kadi ya kliniki.

Alizungusha kitenge cha bluu, akafunga fundo juu ya tumbo. Nyuma yake springi zikalia, karavani ikainuka, na Noah ikaacha kurudi nyuma, kama punda aliyetuliwa mzigo.

Nobert alitaka kumfuata. Kellen alitikisa kichwa, akamwachia wale wawili. Akapanda mlima ule kwa miguu, mtoto mmoja tumboni, mmoja mgongoni. Hakugeuka. Sikioni mwake mtu alikuwa anapumua kama mwenye mafua. Alimpa habari za nyumbani: mbuzi amezaa pacha, Bwambale sasa anajua kusoma. Halafu alimwambia lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilikuwa napiga debe, baba. Sikukusikia."

Shavu dogo lililala kwenye bega lake la kushoto. 

Alipita nyumba, akaingia migombani, hadi kwenye kaburi. Fundo lilikuwa moja, na alikaa nalo muda mrefu kabla ya kulifungua.

"Shuka sasa. Umefika."

Uzito ulimtoka kidogo kidogo. Shavu lilikuwa la mwisho.

Karavani iko Mubuku hadi leo wakati wa mpunga, imeegeshwa juu, komeo linafanya kazi. Nobert husema ni nyepesi, mtoto anaweza kuisukuma. Mwezi wa nne Kellen alijifungua mvulana, akaitwa Kule. Siku ya kuhamia shambani alisimama mlangoni na kuwaita wanawe kwa zamu. Baada ya Bwambale alinyamaza. Alinyamaza mpaka mumewe akamshika mkono. Ndipo akasema, "Kule," akapanda naye.

Kumbebea Kule alinunua kitenge kingine. Kile cha bluu amekifua kwa sabuni, amekifua kwa majivu, amekianika siku nzima juani pale kwenye ua wake, nasi majirani tumekishika kwa mikono yetu. Chote hukauka, isipokuwa sehemu moja upande wa kushoto, ndogo, ya mviringo, pale ambapo shavu la mtoto hulala.

Hapo pamelowa. Na ukipagusa, pana joto.