Kadi Iliyoshonwa kwa Cherehani

"Weka chini hiyo bisibisi!"

"Mke wangu, ni skrubu nane tu."

"Hata ingekuwa moja. Weka chini!"

Fundi baiskeli hakuiweka. Laptopu ya binti yao ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza ya kushonea, kati ya mkasi na kipande cha kitambaa. Kioo chake kilizimika juzi asubuhi, kikawa cheusi. Ilikuwa na miezi mitano tu tangu inunuliwe.

"Nimefungua baiskeli mia tano," alisema. "Hii itanishinda nini?"

"Ya jana ulipoifunga, ulibaki na nati mbili mkononi. Mwenyewe bado anauliza zilitoka wapi."

Binti hakucheka. Alikuwa akisomea uchoraji wa ramani za nyumba. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa, saa sita mchana, alitakiwa kupeleka chuoni ramani yake ya mwisho. Asipoipeleka, angerudia mwaka mzima.

"Kazi yangu ipo kwenye flashi," alisema. "Lakini nitaifungulia wapi? Simu haichori ramani."

"Kwani dukani wamesemaje?" sauti iliuliza mlangoni.

Alikuwa jirani yao, aliyekuja kuchukua gauni lake. Mtaani wanamwita Bi Kaunta, kwa sababu alisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya umeme miaka kumi na minane.

"Nilikwenda jana," mama alijibu. "Muuzaji kanionyesha tangazo ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu kanidai kadi ya waranti. Nikasema sina."

"Kadi iko wapi, shoga?"

Mama alitazama ukutani, mahali anapotundika vielelezo vyake vya kukatia nguo. Fundi cherehani yule hakutupa karatasi ngumu hata siku moja. Kalenda ya zamani ilikuwa mkono wa shati. Boksi la viatu lilikuwa mfuko wa suruali. Na kadi ya waranti je?

"Ile pale," alisema taratibu. "Ni kola ya mtoto."

Mumewe aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Na mimi ndiye naambiwa naharibu!"

"Cheka. Ukimaliza, weka bisibisi chini."

Bi Kaunta alitungua ile kola kwenye msumari. Ilikuwa na muhuri wa duka na tarehe. "Namba ya mashine ilikuwa kwenye kipande kingine. Umekitupa?"

"Mimi? Nitupe?" Mama alimwaga sakafuni mfuko wa mabaki ya vitambaa. Wote wanne wakachakura. Binti ndiye aliyekiona.

Bi Kaunta alilinganisha namba ya kipande kile na ile iliyo chini ya laptopu. Zilikuwa sawa.

"Sikilizeni," alisema. "Waranti ni ahadi. Mashine ikiharibika yenyewe ndani ya muda ulioandikwa, hapa ni mwaka mmoja, aliyekuuzia anawajibika. Ungeiangusha au kuimwagia maji, hapo ungekuwa huna la kudai. Je, iliangushwa?"

"Hapana," binti alisema. "Nilikuwa naandika tu, ikazimika."

"Risiti mnayo?"

"Ninayo," mama alisema. "Risiti ni laini, haifai kwa vielelezo."

"Ashukuriwe Mungu. Na wewe, shemeji, unaona hiki kibandiko juu ya skrubu? Ni muhuri. Ukikichana, watasema ninyi ndio mlioiharibu."

Fundi baiskeli aliitia bisibisi mfukoni.

"Na lile tangazo la ukutani?" mama aliuliza.

"Tangazo ni karatasi na gundi, dada. Haliwezi kufuta ahadi waliyoigonga muhuri wenyewe. Wakikataa, waambie waandike kwamba wamekataa. Nimekaa kaunta miaka kumi na minane. Hakuna kitu tulichokiogopa kama hicho."

Mama aliweka vile vipande viwili chini ya sindano, akakanyaga cherehani. Trrrr! Kadi ikawa moja. Namba ikabaki wazi.

"Twende," alimwambia binti yake, akabeba laptopu. Gauni la Bi Kaunta likabaki bila vifungo.

Dukani, muuzaji aliwaona akatabasamu. "Mama, umerudi? Si nilikuonyesha tangazo?"

"Nimelisoma. Sasa na wewe soma hii."

Muuzaji aliinua kadi juu. "Jamani, njooni muone! Kadi imepigwa cherehani!"

Wenzake walicheka. Binti aliinamisha kichwa. Mama hakuinamisha.

"Imeshonwa, haikughushiwa. Soma namba, kaka."

"Kadi ikichanika, waranti imekufa."

"Imeandikwa wapi?"

Muuzaji aliigeuza kadi mbele na nyuma. Haikuandikwa popote. "Basi pelekeni kiwandani wenyewe."

"Kiwanda sikijui. Aliyeniuzia ni wewe."

"Haiwezekani, mama."

Mama aliweka karatasi na kalamu mbele yake. "Sawa. Andika kwamba umekataa. Weka sababu, tarehe na jina lako. Nikitoka hapa naipeleka ofisi inayolinda haki za wateja."

Kalamu haikuguswa. Mzee mmoja aliyekuwa amekumbatia boksi la televisheni aliliweka chini. "Andika, mwanangu," alisema. "Na mimi nataka kujua kabla sijanunua."

Meneja alitoka ndani. Alikagua kibandiko. Alitafuta ufa na alama za maji, asizione. Akakohoa. "Iacheni hapa. Tutaitengeneza kwa wiki tatu."

"Mwanangu ana siku mbili."

"Mama, nendeni nyumbani mkasubiri."

Mama alitazama duka zima. Juu ya meza ya maonyesho palikuwa na laptopu inayowaka.

"Hatwendi," alisema. Alivuta kiti, akakigonga sakafuni. "Kaa, mwanangu. Toa flashi. Chora."

Binti aliketi. Alichomeka flashi, akaifungua ramani yake. Nyumba ikatokea kwenye kioo: ukuta, dirisha, ukuta. Wateja wakasogea kutazama. Mzee wa televisheni akauliza jiko litakaa wapi, na binti akamwonyesha.

Meneja alivumilia dakika kumi. Kisha alimgeukia muuzaji. "Mletee mpya."

Mpya ililetwa ndani ya boksi lake. Mama aliwaambia waiwashe hapohapo. Aliisoma namba ya mashine kwa sauti, tarakimu moja moja, muuzaji akifuata kwa kidole kwenye kadi mpya. Muhuri ukagongwa. Mama akaitia kadi pamoja na risiti ndani ya mkoba, akafunga zipu.

"Haya, mwanangu, twende."

"Ngoja kidogo, mama," binti alisema bila kuinua macho. "Namalizia mlango."