Uji Uliokataa Kuchacha

Wazazi wenzangu, tueni mizigo kidogo mnisikilize. Haya yalifika nyumba moja tu, lakini njia yaliyopitia inaingia kwetu sote.

Mwaka wa 1966, katika boma la Nashon karibu na Ndhiwa, alasiri moja ilikuwa tulivu kabisa. Phelesia, mama yake Nashon, alikuwa akikoroga uji wa wimbi uliosifiwa kijiji kizima. Siri yake ilikuwa ndogo: aliuloweka unga chunguni karibu na meko, akauacha uchache wenyewe, na kila alipochota alibakiza kidogo uwe chachu ya unga mpya. Mjukuu wake Cephas, wa miaka mitatu, alikuwa akifukuza vifaranga huku akicheka.

Mara tumbo la mtoto likanguruma. Zilpah, mama yake, aliyekuwa akipepeta mtama, akaacha ungo ukamwagika.

"Umesikia, Mama?"

"Nimesikia njaa," Phelesia akamjibu. "Tumbo la mtoto mzima huongea, nyar Uriri. Likinyamaza ndio uogope."

Alimwita hivyo, binti wa Uriri, kwa kuwa ndiko Zilpah alikozaliwa. Lakini Zilpah hakusikia njaa. Mvua za mwaka uliotangulia, binti yake Roseline aliamka akihara, na kabla ya jua kutua alikuwa amekwisha. Majirani walikuwa wamemwambia asimpe maji, eti yatamzidishia, naye akatii huku mtoto akiomba. Sasa kaburi lilikuwa pale uani, na kila Zilpah alipopita na mtungi kichwani alihisi yuko mtu mdogo nyuma yake, anamfuata kwa kiu. Hakuthubutu kugeuka. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishtushwa na tumbo la Cephas kila siku ya Mungu.

Sokoni Ndhiwa alikuwapo mchuuzi mmoja, Gichana, mwenye ulimi wa asali na mkebe wa vidonge vya rangi mbili. Zilpah alivijua vidonge hivyo. Hospitalini aliwahi kupewa vya jipu, na jipu likapona vizuri.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama," Gichana alimwambia. "Hii inaua wadudu wote ya tumbo. Tumbo ikinguruma tu, pea yeye."

Wote! Jamani, neno hilo lilitosha kumfukuza mtu sokoni, lakini Zilpah alilishika kama ahadi ya mchungaji. Akawa anafungua kidonge na kumlambisha mtoto unga wake. Baada ya muda Cephas akaanza kuhara kweli. Zilpah aliona adui aliyemchukua Roseline amerudi, akaongeza dawa. Kuhara kukazidi. Akaongeza tena.

Mtoto alipoanza kuitema, mama huyo akafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya kwa mapenzi yale yale. Phelesia alipokwenda mtoni, Zilpah alifunua chungu cha unga ulioloweshwa, akamimina vidonge kadhaa na kukoroga. Alitaka kuilinda nyumba nzima.

Basi uji ukakataa kuchacha. Phelesia alisubiri, akaonja, akasubiri tena. Unga ulilala chunguni baridi, bila povu wala harufu. Mama yule alikuwa amechachisha uji tangu usichana wake, wala hakuwahi kuona hivyo.

"Kuna kitu kimekufa humu ndani," alisema.

Zilpah akahisi nywele zikimsimama. Hakuwaza dawa hata kidogo. Alimwaza Roseline, akaamini mtoto wake marehemu amekuja na kiu yake, na ndiye aliyetia mkono chunguni. Siku hiyo Cephas alilambishwa vidonge viwili.

Nashon aliporudi kutoka Osiri, alikokuwa akichimba dhahabu, alimkuta mwanawe mwepesi, macho yamezama. Hakuuliza mengi. Wakapanda lori la mizigo mpaka hospitali moja huko Homa Bay. Muuguzi, dada wa Kikisii aitwaye Nyanchoka, aliwapokea.

"Huko nyumbani amekunywa dawa gani?"

Zilpah alimtazama mumewe. Aliogopa kuitwa mama aliyeua.

"Hakuna," akasema.

Kwa neno hilo moja, Cephas akapewa dawa ile ile aliyokuwa akilambishwa.

Kesho yake Phelesia alifika amebeba uji. "Nisamehe, sister," alimwambia Nyanchoka kwa aibu. "Huu uji si mchachu. Unga kwangu imekataa kuchacha kabisa."

Nyanchoka akatua alichokishika. "Nani ametia dawa kwa unga?"

Zilpah akaanguka magotini, akasema yote, mpaka kiu ya Roseline akaisema.

"Mama," Nyanchoka alimwambia polepole, "kinachochachisha uji ni vijidudu vyema, vina uhai. Tumboni pia viko, vinalinda mtoto. Umeviua, na vibaya vimepata nafasi."

Dawa ilisimamishwa, mtoto akapewa maji yenye chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Alikunywa kwa pupa, akashika kidole cha mama yake. Alasiri akakiachia, roho ikamtoka.

Zilpah alizaa tena miaka miwili baadaye. Watu wa boma lile husema kwamba kila tumbo la mtoto huyo liliponguruma, alimkabidhi Phelesia, akaenda kusimama katikati ya shamba ameziba masikio, mpaka bibi huyo amwite arudi. Alikuwa haiamini mikono yake mwenyewe.

FUNZO

Tumbo la binadamu ni boma lenye wakazi wengi wadogo tusiowaona, na walio wengi ni walinzi wetu. Wataalamu wa leo wanazidi kutuambia hivyo. Dawa ya kuua viini ni msaada mkubwa inapoagizwa na mganga wa hospitali kwa ugonjwa wake na kipimo chake. Msiinunue mkebeni, wala msimpe mtoto kwa sababu ya hofu. Anayehara apewe maji na apelekwe hospitali mapema. Na mkiulizwa huko alichokunywa, semeni, hata kama ni aibu. Aibu ingempita Zilpah kwa siku moja.