Kobe Aliyetoka Bustanini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwenye bustani ya wanyama alilikuta banda la kobe li tupu. Kobe huyo, waliyemwita Bi Mkubwa, alikuwa na kilo mia na thelathini, na ndiye aliyevuta wageni. Kila mwaka, baridi ikiwazidi kwao, walimiminika pwani kwa mabasi kuota jua na kupigwa picha wamemkalia mgongoni.

Inspekta alifika saa mbili, uso kaukunja. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya mapumziko baada ya wiki tano.

"Mwizi namjua, afande!" mwenye bustani alidakia. "Dereva wa basi la hoteli. Jirani aliliona basi lake hapa saa nne usiku. Mkamate!"

"Tusalimiane kwanza, bwana."

Mama wa mwenye bustani, mjane aliyewakatia wageni tiketi mchana na kufunga bustani jioni, alimletea Inspekta maji ya kunywa.

Dereva alipatikana saa tano akiosha basi. "Nilifuata miwani ya mgeni mmoja mzee," alisema. "Nikakuta geti limefungwa, nikarudi. Muulize mwenyewe."

Kumuuliza ndiyo ikawa kazi. Mgeni alikuwa kwenye matembezi na wenzake. Inspekta alimfuata mapangoni, akaambiwa wametoka sasa hivi kwenda mnara wa taa. Mnarani akaambiwa wamepanda mashua kwenda kutazama matumbawe. Alisubiri gatini, jua likimchoma utosi, na mkuu wake akipiga simu kila baada ya robo saa.

"Bado tu? Huyo ni kobe, si swala!"

Saa nane mashua ikarudi. Yule mzee akathibitisha kila neno la dereva. Siku nzima, na mkononi hana kitu.

Alirudi bandani kwa hasira, akachuchumaa. Hapakuwa na alama ya gurudumu wala ya kuburuta. Palikuwa na nyayo za miguu minne minene hadi mlango wa nyuma, ambako zilipotelea kwenye mawe, na kando yake maganda ya tikiti maji, moja kila hatua chache. Bi Mkubwa hakubebwa. Alitembea mwenyewe, akifuata chakula.

Akampigia daktari wa mifugo. "Kobe huyu anaweza kutembezwa usiku?"

"Thubutu! Jua likizama mwili wake hupoa. Hata umwekee tikiti zima mdomoni, hainuki. Kwani ule ufa wa gamba vipi, wamempumzisha?"

Ufa? Tangu asubuhi hakuna aliyeutaja.

Saa tisa na nusu aliwaita mama na mwana kwenye chumba cha tiketi, akafungua daftari la kufungia bustani. Jana, saa kumi na mbili na robo jioni, paliandikwa: Wanyama wote wapo.

"Kobe alitoka jua likiwaka," alisema. "Saa hiyo banda lilikuwa tupu. Mama, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Na Bi Mkubwa ulimwona?"

"Nilimwona."

"Wapi?"

Mama alishusha pumzi. "Uani kwangu."

"Mama!" Mwanawe aliruka. "Mimi nahangaika tangu alfajiri, kumbe ni wewe? Nimemtukana dereva wa watu!"

"Ungenisikiliza usingemtukana. Nilikwambia gamba limepasuka. Daktari akakwambia. Ukasema tusubiri msimu uishe. Msimu ungeisha, na yeye angekuwa ameisha."

"Afande, andika wizi! Mama au si mama."

"Kibali cha kumfuga kina jina la nani?" Inspekta aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu: "La marehemu baba yake, kisha langu. Kuiba sijaiba. Uongo wa daftarini, huo niandikie."

Walipita mlango wa nyuma hadi uani. Bi Mkubwa alikuwa amelala kivulini, shingo kainyoosha. Mwenye bustani, aliyekuwa akimwona kila siku nyuma ya migongo ya wageni, alipiga magoti, akagusa gamba. Kidole kilizama hadi ukucha. Kobe alirudisha kichwa ndani upesi.

"Mama... anaumia."

"Anaumia, mwanangu."

Nje, basi la saa kumi lilipiga honi. Mwana aliinuka, akafuta magoti, akaenda mwenyewe kuwaambia wageni kwamba leo hakuna picha, wala kesho.

Simu ya Inspekta ikalia.

"Amepatikana, mkuu," alisema kwa uchovu. "Hapana, hakuna mtu wa kumleta kituoni. Alikuwa kwa mwenyewe."